Gari Likikukatalia Njiani: Ninavyofanya Mimi Kati ya Mwanza na Bunda

Mwezi uliopita mdogo wangu alinunua IST. Wiki ya pili tu akanipigia simu kutoka Nyanguge, sauti imemkauka. "Dada, mbele kunatoka mvuke, watu hapa wanasema tumwagie maji." Nikamwambia zima gari, shuka, kaa mbali na boneti, na mwenye ndoo mwambie asante, asubiri kwanza. Alinisikia. Nilipomkuta gari lilikuwa limeshapoa, na shida yenyewe ilikuwa mpira mmoja wa maji, umepasuka ufa wa urefu wa kucha. Tukaufunga, tukarudi taratibu hadi Igoma. Ile ndoo ingemwagwa juu ya injini iliyochemka, leo angekuwa anatafuta silinda hedi, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini.

Maswali aliyoniuliza njiani siku ile ndiyo yamenifanya niandike haya, kwa ajili yake na kwa yeyote anayeanza kuendesha huku kwetu. Mimi si fundi. Nauza mashuka na mapazia minadani: Kisesa, Magu, Lamadi, mpaka Bunda. Mwaka wa 11 huu natembea na Noah ile ya zamani, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Nimekwama nayo juani, nimekwama kwenye mvua, nimekwama usiku. Mengi nimefundishwa na fundi wangu wa Nyakato, mzee ambaye nikimpelekea gari ananikabidhi spana kwanza, ndipo anaitikia shikamoo yangu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, gari linaharibika kidogo tu. Dereva ndiye anayelimalizia." Tangu hapo kuna maneno nayaogopa kuliko barabara mbovu: "ngoja nifike tu pale mbele."

Kutoka barabarani

Gari likianza kusumbua, iwe nguvu zimepungua, harufu ya kuungua, taa nyekundu au usukani unaovuta upande mmoja, washa hazadi hapo hapo, achia mafuta, tafuta pa kutokea kushoto. Usikanyage breki za ghafla katikati ya lami. Mahali pawe tambarare na paonekane toka mbali. Nyuma ya kona, au pale mlima unapoanza kushuka, hapafai kabisa, maana lori la mizigo likikuona litakuwa limeshafika. Hapa tu ndipo ninapokubali kusogea mbele kidogo, hata kama tairi limeisha upepo. Rimu inanunuliwa.

Kwa wanaopita Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, angalia mshale wa joto na wa mafuta kabla hujalipanda. Ni kilomita 3 juu ya maji, na si mahali pa kugundua kwamba tenki ni tupu.

Ukishasimama, vuta handibreki. Abiria washuke kwa mlango wa kushoto na wavuke mtaro, wasimame upande wa pili wa mtaro. Wasikae nyuma ya gari wala mbele yake, kwa sababu gari likigongwa kwa nyuma linarushwa mbele. Mtoto abebwe au ashikwe mkono, asiachwe acheze.

Pembetatu ya tahadhari nenda nayo umeishika kifuani, uso wake unaong'aa ukiwaelekea wanaokuja. Hesabu hatua 50 nyuma ya gari, na kwenye barabara kuu ongeza hadi 100. Kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona. Matawi ya miti nayo yanasaidia sana mchana: kila dereva huku akiona majani yamepangwa kwenye lami anajua kuna gari bovu mbele. Lakini majani hayang'ai. Usiku bila pembetatu na kizibao cha kung'aa, wewe na gari lako hamuonekani.

Kati ya Lamadi na Bunda, barabara inapopakana na Hifadhi ya Serengeti karibu na lango la Ndabaka, usiku sishuki kwenda kutafuta fundi kwa miguu. Nikishatoa gari vizuri nje ya lami, napanga pembetatu haraka, narudi ndani, napandisha vioo, napiga simu. Polisi wanapatikana kwa 112, zimamoto 114, na hiyo simu huhitaji vocha.

Gari likichemsha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo magari mengi yanapofia.

Mshale wa joto ukivuka mahali pake pa kila siku, usingoje ufike kwenye nyekundu. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana hata mshale, yana taa tu: ya bluu ikiwa injini bado baridi, nyekundu ikiwa imezidi joto. Ikiwaka nyekundu umeshachelewa tayari, simama. Ukiwa unatafuta pa kusimama, zima AC, fungua vioo vyote, washa hita moto wa mwisho na feni ya mwisho. Utatoka jasho jingi, lakini joto hilo linalokupiga usoni linatoka kwenye injini. Nilishawahi kuvuka foleni yote ya Mabatini saa saba mchana kwa njia hiyo, mshale ukarudi.

Ukiona mvuke au maji yanadondoka chini, zima injini mara moja. Fungua boneti kwa kitasa cha ndani, na usiinyanyue mpaka mvuke upungue.

Sasa ule mfuniko wa rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Kwenye chombo kilicho wazi hapa Mwanza maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, kwa sababu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya rejeta maji hayachemki mapema hivyo kwa kuwa mfuniko una springi na mpira unaoyabana. Yakiwa yamebanwa yanaweza kupita nyuzi 110 yakabaki maji. Ukifungua, ule mbano unatoka kwa nukta moja na maji yote yanataka kuwa mvuke kwa wakati huo huo. Mkono wako uko juu yake.

Mimi nina alama. Mwaka 2017, karibu na Magu, nilikuwa nawahi mnada, nikasubiri dakika 10, nikaona inatosha. Nilishika mfuniko kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Nilipouzungusha, nilisikia kwanza mluzi mwembamba, kama birika, halafu kanga ikanyanyuka yenyewe kutoka mkononi. Maji yalinipiga kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwikoni. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi akaniambia niache kila kitu, akanimiminia maji baridi ya dumu lake polepole hadi lote likaisha, akamtuma mtoto alete lingine. Kijana mmoja alikuja na dawa ya meno, yule mama akamfukuza. Kwenye kituo cha afya waliniambia huyo mama ndiye aliyeokoa ngozi yangu. Kwa hiyo mtu akiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, usipake chochote, nenda ukatibiwe.

Subiri dakika 30 hadi 45. Kipimo changu ni ule mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta. Gusa kwa nyuma ya vidole kwanza. Kama unaweza kuushika na kuuminya, na unabonyea laini, mbano umekwisha. Kama ni mgumu kama fimbo, rudi ukakae kivulini. Hata ukiwa laini, tumia kitambaa kinene, geuza uso pembeni, zungusha mfuniko hadi kituo cha kwanza tu, sikiliza, ndipo umalizie.

Maji yaingie kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa. Injini ikiwa bado ya moto sana, maji baridi yanaweza kupasua chuma au kukunja silinda hedi. Kamwe usimwage maji juu ya injini kwa nje. Wanaosimama kando ya barabara watakuhimiza, kwa nia njema kabisa, na utawakatalia kwa adabu.

Maji ya ziwa yanakubalika kama huna mengine na uko mbali. Yachuje kwa kitambaa, maana kando kando yana mchanga na ukijani unaoziba vijitundu vya rejeta. Ukifika nyumbani yamwagwe yote, rejeta isafishwe, iwekwe koolanti. Maji matupu yanaleta kutu ndani. Ninatembea na dumu la lita 10 la maji safi siku zote, na sinywi maji yake hata nikishikwa na kiu.

Kabla ya kuondoka, tafuta sababu, la sivyo utachemsha tena baada ya kilomita 5. Jiulize lilichemkia wapi. Likichemka kwenye foleni na kupanda mlima taratibu lakini barabara kuu linatulia, feni ndiyo mshukiwa wa kwanza: tazama fyuzi yake, rilei yake (swichi ndogo inayoipelekea umeme), waya uliochomoka. Likichemka ukiwa kwenye mwendo mrefu, maji yanapungua mahali, au rejeta imeziba, au themostati, ule mlango mdogo unaofungulia maji yaende kwenye rejeta, imekwama. Na kama taa ya betri iliwaka pamoja na joto kupanda, angalia mkanda. Kwenye injini nyingi mkanda huo huo unazungusha alternata inayochaji betri na pampu ya maji, na ukikatika huendi popote. Zamani walifunga soksi ndefu za kinamama badala ya feni belti. Kwenye mikanda bapa ya siku hizi haishiki, usipoteze muda.

Mpira uliopasuka unafungika. Kausha kabisa, kisha chukua ule mpira wa tyubu wanaofungia mizigo kwenye baiskeli, ukate utepe wa upana wa vidole viwili. Anza nje kidogo ya ufa, vuta kwa nguvu hadi utepe uwe mwembamba, zungusha ukipanda nusu juu ya nusu, rudi tena hadi upate tabaka tatu au nne, malizia kwa waya au klipu. Ndivyo tulivyofunga IST ya mdogo wangu. Mfuniko usiukaze hadi mwisho, ili mbano usiulipue mpira, lakini kumbuka kwamba sasa maji yatachemka mapema. Hivyo nenda kilomita 40 kwa saa, bila AC, simama kila kilomita 8 au 10 utazame. Hiyo ni ya kukufikisha gereji, siyo ya kwendea Bunda.

Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe unatoka nyuma bila kukoma, au mapovu yanapanda kwenye rejeta wakati injini inanguruma, gasketi iliyo chini ya silinda hedi imekufa. Zima. Likavutwe.

Na nina neno kuhusu themostati. Gereji moja iliwahi kuitoa ya kwangu bila kuniuliza, wakasema nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Kwa miezi Noah ilikunywa mafuta ovyo, injini haikufika joto lake asubuhi, na rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo ilikuwa shida yenyewe, ikaendelea kujificha. Themostati mpya ni kitu kidogo cha kununua. Waambie waiweke, na usimame hapo uone inaingia.

Pancha

Kubadilisha tairi mtu yeyote mzima anaweza. Kinachotakiwa ni mpangilio.

Gari liwe kwenye ardhi tambarare na ngumu. Udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa unameza jeki yote. Ndiyo maana nina kipande cha ubao, unene wa vidole viwili na upana wa sahani, kwa ajili ya kuweka chini ya jeki tu. Handibreki juu, gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Halafu jiwe, na Mwanza mawe hayajawahi kuadimika: lisukumie mbele na nyuma ya gurudumu la kona ya mkabala. Kama pancha ni ya nyuma kushoto, jiwe ni kwa gurudumu la mbele kulia.

Legeza nati gari likiwa bado chini, kila moja nusu mzunguko. Ukishanyanyua, gurudumu litazunguka na utakuwa unapigana na gari lililosimama kwenye jeki. Nati zikigoma, weka wilispana ilale kushoto, ikanyage kwa kisigino ukiwa umeshika gari. Mimi nina kilo 62, na hakuna nati iliyonishinda tangu nilipopata bomba la chuma la nusu mita la kuchomeka kwenye mpini.

Jeki haiwekwi popote. Piga magoti utazame ukingo wa bati chini ya mlango. Utaona mikato miwili midogo, na jeki inakaa kati yake. Ukiiweka kwenye sakafu ya gari inatoboa. Nyanyua mpaka tairi liachane na ardhi, kisha ongeza kidogo, kwa kuwa tairi lenye upepo ni nene kuliko lililokufa. Kabla ya kuchomoa nati, telezesha tairi la akiba chini ya gari, kando ya jeki. Jeki ikianguka, gari litakalia tairi. Ukivuta la pancha, libadilishane nafasi na hilo. Mguu wako, mkono wako, kichwa chako, visiingie chini ya gari lililo kwenye jeki, hata kama ni nati moja imebingirika.

Gurudumu likiwa limeng'ang'ania kwa kutu, rudisha nati mbili kwa vidole, kisha lipige teke kwa kisigino pembeni ya tairi, kushoto, kulia. Litaachia.

Wakati wa kufunga, anza na vidole, upande uliochongoka wa nati ukiangalia rimu. Kaza kwa kuruka, siyo kwa kufuatana: ukikaza ya juu, nenda ya chini upande wa pili. Shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu zote. Baada ya kilomita 50 simama ukaze tena. Rafiki yangu wa mnadani hakurudia kukaza, gurudumu la mbele likamtangulia likaingia shamba la pamba. Mungu alimsaidia alikuwa anaenda polepole.

Kama tairi lako la akiba ni lile jembamba, limeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na linataka upepo mwingi, psi 60. Siku likihitajika unaweza kulikuta limelala. Kila unapojaza upepo, lijazwe nalo. Yale yanayoning'inia chini ya gari kwa mnyororo yashushwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mnyororo unashika kutu na usiku wa manane haushuki. Na kabla ya kununua tairi la mtumba, tafuta tarakimu nne ubavuni mwake. Ukiona 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Huo mpira umeshachoka hata kama meno yake yanapendeza.

Likigoma kuwaka

Kabla ya daraja kule Kigongo, foleni ya kivuko ilikuwa inaua betri kila siku. Mtu anazima injini, redio inaimba saa mbili, simu inachajiwa, zamu yake ikifika, kimya. Pale ndipo nilipojifunza kusikiliza.

Ukizungusha ufunguo, sikia. Tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia: betri imekwisha au vichwa vyake vimelegea. Tak moja nzito kisha kimya, taa zikiwa kali: stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: mafuta au moto wa pulagi. Kimya kabisa kwenye otomatiki: jaribu gia kwenye N, mara nyingi swichi ya gia ndiyo yenye kosa.

Anza na vichwa vya betri. Jaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikicheza, kaza. Ukiona unga mweupe au wa kijani, mwagia maji ya moto taratibu, sugua, kausha, kaza, paka grisi kidogo. Nusu ya betri "zilizokufa" nilizoziona Kigongo zilifufuka hapo. Stata inayogoma, gonga ubavu wake kwa wilispana mara mbili tatu, si kwa hasira, huku mwenzako akizungusha ufunguo. Ikiwaka, nenda moja kwa moja gereji, kwa sababu haitakuonea huruma mara nyingi.

Kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine, kuna utaratibu wake. Magari yasigusane. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, mwisho wake wa pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ule mwisho wa nne usiuweke kwenye betri iliyokufa: uweke kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoshika moto, na cheche huruka kwenye kiungo cha mwisho. Washa gari zima, lisubiri dakika 5, ndipo uwashe lako. Kuchomoa ni kinyume chake. Kuna vijana wanachomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima alternata." Kataa kabisa. Umeme unaoruka hapo unaunguza kompyuta ya gari. Kipimo kizuri ni mita ya bei nafuu: injini imezimwa betri nzima husoma karibu volti 12.6, ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, alternata haichaji.

Manyuo husukumika: ufunguo kwenye ON, gia ya pili, klachi chini, wasukume, achia klachi kwa ghafla. Otomatiki haisukumiki, hata wakija watu 20.

Mengine kwa ufupi

Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, zima ndani ya sekunde, siyo dakika. Kama jiwe limetoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hakuna kujaza oili na kuendelea.

Tenki la petroli likivuja kwa ufa mdogo, kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa kwa nguvu kwenye ufa kinaziba, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni kama maji yanavyofanya. Asiwepo mwenye sigara, na injini iwe imezimwa.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa rangi ile ile: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Karatasi ya sigara na vipande vya waya vimeunguza magari. Ukikosa, azima kutoka kwenye kitu usichokihitaji leo, kama redio, ilimradi rangi ilingane.

Mvua ikiwa kubwa mjini na Mto Mirongo umefurika, usiingie maji usiyoona chini yake. Gari likizimikia ndani ya maji, usijaribu kuliwasha hata mara moja. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ndiyo inayopinda. Lisukumwe nje, fundi atoe pulagi kwanza.

Kamba ya kuvutia iwe na urefu wa mita 4 hivi, na kitambaa chekundu katikati. Anayevutwa awashe ufunguo ili usukani usijifunge, na ajue kwamba breki na usukani vitakuwa vizito mno bila injini. Otomatiki isivutwe mbali magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, na ile inayoendeshwa na magurudumu yote manne ibebwe yote juu ya gari jingine. Gia boksi ni ghali kuliko gharama ya kubebwa.

Kasha langu liko chini ya kiti cha nyuma: jeki, wilispana na bomba lake, ubao, pembetatu mbili, kizibao, tochi ya kichwani, nyaya za kubusti, mipira ya tyubu, klipu tatu, waya, tepu, bisibisi mbili, spana 10, 12 na 14, fyuzi, glovu, lita moja ya oili, sabuni, na mkanda wa zamani niliobadilisha ukiwa bado mzima. Kizima moto kiko mbele, siyo kwenye kasha. Moshi wa moto wa kweli ukitoka chini ya boneti, hufungui boneti yote, unaachia ufa tu unapulizia hapo. Na kwenye Noah yangu ni chini ya kiti nilichokalia, kwa hiyo watu wanashuka kwanza.

Ukimaliza yote, kabla hujawasha, rudi nyuma kwa miguu. Chukua pembetatu. Toa matawi. Halafu yatoe mawe uliyowekea magurudumu, kila moja, uyatupe ng'ambo ya mtaro. Mwaka juzi jioni, nikitoka Lamadi, nilikuta bodaboda imelala kwenye lami na kijana ameketi kando amejishika bega. Mbele yake kulikuwa na mawe mawili meusi, alama ya oili kati yake, na lori lililoyaacha lilikuwa limeshaenda zake. Nilimpakia juu ya marobota ya mashuka, nikampeleka hospitali. Mdogo wangu, siku ile Nyanguge uliweka mawe manne. Niliyahesabu wakati unanawa mikono, na matatu ndiyo uliyoyatoa. La nne nililitoa mimi, lilikuwa nyuma ya gurudumu la kulia.